Kigoda Kwenye Kunjo

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe kumi na tisa, mwezi wa tatu, asubuhi, saa ambazo watu wenye shughuli wako kwenye shughuli zao na viongozi wa Chama cha Wahifadhi wa Majarida ya Gemu wako chamani wanahifadhi. Siku hiyo Mwenyekiti wa chama aliyachukua majarida ya marehemu mke wa Mzee Sponji, akayapanga kwenye mashine ya kukatia karatasi, migongo ikiutazama wembe, akashusha mpini. Kacha! Mgongo ukadondoka sakafuni. Akaona imemnogea, akaweka jingine.

Alikuwa amevaa glavu nyeupe. Hilo ndilo lililomuuma Mzee Sponji kuliko yote alipokuja kusimuliwa. Mtu anavaa glavu ili asiache alama ya kidole kwenye karatasi, kisha karatasi yenyewe anaichinja. Ni sawa na kumnawisha kuku uso kabla ya kumtia kisu, halafu ukangoja akushukuru.

Mzee Sponji alikuwa fundi wa viti. Jina alipewa na mtaa kwa sababu ya vumbi la sponji lililomkaa kwenye nywele hata siku za sikukuu. Shule aliiacha mapema, siku baba yake alipoamua kwamba nyumba moja inatosha kuwa na msomi mmoja, na msomi huyo akawa kaka yake. Kusoma alijua, ila kwa mwendo wa konokono: kidole mbele, midomo nyuma. Na tangu mkewe afariki alikuwa amekata tamaa na viongozi wa kila aina, wa mtaa, wa hospitali, wa ushirika wa mafundi, hata wa kamati ya mazishi iliyokula chakula cha wafiwa.

"Mimi nimetengeneza viti maisha yangu yote," alikuwa akisema, misumari ikiwa imebanwa kwenye kona ya mdomo. "Sijaona kiti kilichomwongezea mtu akili. Kinachoongezeka ni makalio."

Sasa, fundi wa viti na majarida ya gemu wapi na wapi? Majarida yalikuwa ya mkewe. Zamani, kabla kompyuta hazijaingia kila ofisi, mkewe alifanya kazi kwenye jarida lililoitwa Kitufe. Lilikuwa jarida la watoto na vijana waliokesha na michezo ya video, na ndani yake kulikuwa na habari za gemu mpya, picha za kuchekesha, na miongozo ya jinsi ya kumshinda huyu na kumpita yule. Mkewe alikuwa mbandikaji. Maandishi yalikuja yamechapwa kwenye vipande virefu, yeye akayakata kwa wembe, akayapaka gundi, akayabandika kwenye ubao wa ukurasa mpaka ukurasa ukawa ukurasa. Mikono yake ilinuka gundi mpaka Jumapili.

Wasomaji walikuwa wanapiga kelele wanataka ramani. Mapango ya gemu zile yalikuwa na vichochoro kama utumbo, na mtoto akipotea humo anapotea kweli. Mhariri wa Kitufe alikuwa na tai, kiyoyozi na maneno mengi, lakini mchezo wenyewe hakuuweza. Pango la pili tu lilimtoa jasho. Basi akampa mbandikaji wake mashine ya gemu, akamwambia, "Nenda nayo nyumbani, dada. Wewe si unapenda kuchorachora?"

Ndiyo maana Mzee Sponji aliishi miaka kadhaa na jitu lenye vichwa vitatu kwenye runinga ya sebuleni. Yeye huku anavisha kochi kitambaa, mke kule amekaa sakafuni, pedi ya kuchezea mikononi, karatasi ya miraba mapajani, penseli masikioni, moja kila upande.

"Fundi! Njoo unishikie hii nichore kabla sijasahau. Bonyeza kushoto tu. Kushoto! Usiguse kingine!"

Anabonyeza. Shujaa anatumbukia kwenye moto.

"Umeniua!"

"Nimekuua wewe, au nimemuua huyo kibwengo mwenye upanga?"

"Huyo kibwengo ndiye mimi!"

Na wote wawili wanacheka mpaka binti yao mdogo anaamka kuuliza nani kafa.

Ramani zilitoka, na zilikuwa ramani haswa, kurasa mbili mbili zilizofunguka kama madirisha. Watoto walizichana wakazibandika kwenye kuta za vyumba vyao. Jina la mchoraji halikuwepo. Mkewe aliomba mara moja. Mhariri akamjibu, "Dada, jarida ni familia. Watu wa familia hawaandikiani majina." Yeye mwenyewe Mhariri, kwenye familia hiyohiyo, jina lake liliandikwa ukurasa wa kwanza, herufi nene, na picha akiwa ameshika kidevu.

Mkewe hakubishana. Alifanya lake. Pale kurasa mbili zinapokutana, chini kabisa kwenye kunjo ambako gundi ya mgongo huzibana, alichora kigoda. Kidogo kama punje ya mtama. Kiti upande wa kushoto, miguu upande wa kulia, miguu yenyewe mitatu. Kwa sababu kigoda cha kwanza ambacho Mzee Sponji alimtengenezea, wakiwa wachumba, kilipangwa kiwe na miguu minne. Mkewe alipokikalia tu, mmoja ukakatika, naye akacheka akiwa chini, akacheka akiwa anainuliwa, akaendelea kucheka mpaka harusini. Mhariri hakukiona hata siku moja, kwa kuwa Mhariri hakuwa mtu wa kufungua kitu mpaka mwisho. Mbandikaji ndiye aliyejua nini kinamezwa na kunjo.

Siku ya ramani ya kwanza alileta jarida nyumbani, akalifungua mpaka mgongo ukalia. "Tazama. Umekaa hapo, Fundi. Watoto wa nchi nzima wanakupita wakitafuta funguo."

Basi hilo ndilo lilikuwa jina lake, na lilikuwa limefichwa vizuri mno.

Alipofariki, majarida yalibaki kwenye masanduku chini ya kitanda. Mzee Sponji hakuyagusa, na mchwa nao, kwa heshima au kwa kukosa taarifa, hawakuyagusa. Kisha wakapata taarifa. Binti yake, ambaye sasa ni muuza dawa na ana watoto wake, alipopiga magoti kufagia uvunguni akaona udongo umeanza kupanda mguu wa kitanda.

"Baba, mchwa watakula kazi ya Mama."

"Waile. Angalau wao wanaisoma."

"Baba, nisikilize. Kuna chama. Watu wanatafuta Kitufe kama wanatafuta ndugu aliyepotea. Kila mwenye nakala, yake haina ramani, waliichana utotoni. Za Mama ndizo pekee zilizo nzima. Wanaziingiza kwenye kompyuta, zinabaki huko milele."

"Milele," alisema Mzee Sponji. "Hata godoro la sponji ngumu huwa wanasema milele."

Lakini alienda, binti akimsindikiza. Alienda kwa sababu binti alimwambia kitu kimoja kilichomshika: kwamba chini ya kila ukurasa chama huandika jina la aliyeandika na la aliyechora. Jina la mkewe, lisomwe na mtu yeyote, popote. Hakutaka kingine. Hakutaka hata asante.

Makao ya chama yalikuwa chumba nyuma ya duka la fotokopi. Kulikuwa na rafu za chuma, mashine ya skana yenye kioo kama meza, mashine nyingine inayomeza karatasi kwa mkupuo, na ile ya kukatia, imefunikwa kitambaa kama maiti. Watu wazima watatu walikuwa wanalipitisha jarida moja mkono kwa mkono. Mmoja akalinusa, akafumba macho, akasema, "Aah, wino wa zamani." Mzee Sponji alimtazama kwa makini. Mtu ana ndevu, ana pete ya ndoa, ana funguo za gari zinaning'inia kiunoni, ananusa kitabu cha watoto. Akajiuliza mke wa huyu anajua yuko wapi.

Mwenyekiti alikuwa na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, alichojitengenezea mwenyewe hapohapo kwenye fotokopi. Kazini kwake kwingine alikuwa bosi wa idara fulani, na sauti ya huko alikuja nayo huku.

"Mzee wetu! Karibu sana. Umetuletea hazina. Hazina ya taifa!"

"Ni ya mke wangu," alisema Mzee Sponji.

"Naam, naam. Ya mke wako, kwa niaba ya taifa."

Katibu wa chama, mwanamke wa makamo mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso, alipokea masanduku bila hotuba. Alitoa jarida, akazitazama ncha zake, akauliza, "Mama alikuwa anayaweka wima au anayalaza?"

"Alikuwa anayalaza."

"Inaonekana. Migongo imetulia."

Huyo, Mzee Sponji alimwona kuwa mtu. Akageuka kwa Mwenyekiti, akataja alichokijia. Ramani zote zilichorwa na mkewe, na anataka hilo liandikwe. Alilitaja jina la mkewe, na la baba yake, na la babu yake, kama linavyotajwa kwenye mirathi.

Mwenyekiti aliweka mkono kifuani. "Mzee wangu, mimi binafsi nakuamini. Lakini hiki ni chama cha kitaalamu. Binti yako aliponidokeza, nilimpigia simu Mhariri mwenyewe, mstaafu wetu mpendwa, ameniambia ramani ilikuwa kazi ya timu. Sasa bila ushahidi..."

"Ushahidi uko kunjoni," alisema Mzee Sponji, na akachukua jarida, akashika kurasa mbili za ramani, akaanza kulifungua kama mkewe alivyolifungua.

"Taratibu!" Mwenyekiti alipiga ukelele kama aliyekanyagwa. "Usivunje mgongo, Mzee! Huo ni urithi!"

Wale wanusaji wakashtuka pamoja naye. Jarida likachukuliwa mikononi mwake, kwa glavu, kwa upole, kama mtoto anayenyang'anywa kisu.

"Kuna kigoda humo. Chini kabisa, gundi inapoanza. Fungueni muone."

"Tutaona, Mzee. Kwa utaratibu wetu. Tukikikuta, jina linaandikwa siku hiyohiyo."

"Mbele ya binti yangu umesema."

"Mbele ya binti yako nimesema."

Binti alitabasamu. Mzee Sponji hakutabasamu. Kilemba cha ukoka alikuwa amevishwa mara nyingi maishani, na alikijua kwa uzito wake. Ila aliondoka, kwa sababu yule Katibu alimsindikiza mpaka mlangoni akamwambia, "Haya nitayalaza kwenye kioo, moja moja. Nitafungua mpaka mwisho."

Na pengine angefanya hivyo. Lakini Mwenyekiti alikuwa amepata mgeni. Mheshimiwa mmoja, wa mambo ya utamaduni, alikubali kuja kuzindua hifadhi hiyo Ijumaa, na Mheshimiwa akikubali Ijumaa, dunia nzima ni lazima iwe tayari Alhamisi. Kulaza kila jarida kwenye kioo ni kazi ya kushika pumzi: geuza, bonyeza, ngoja, geuza. Mashine ile nyingine inameza rundo zima ukiwa unakunywa chai. Tatizo lake moja, haimezi jarida. Inameza karatasi zilizoachana. Na ili karatasi ziachane, mgongo uondoke.

Kwa hiyo Jumanne ile, kacha.

Mzee Sponji alifika Jumatano kuuliza kama kigoda kimeonekana. Alikuta kazi ya mkewe imepangwa mezani kama pakiti za karata. Alisimama. Alishika karatasi ya juu, nusu ya pango, ukingo wake ukiwa umenyooka, mpya, mweupe, umekatwa kwa ustadi wa kuchukiza.

"Migongo iko wapi?"

Wanusaji wakapata shughuli za ghafla kwenye simu zao.

"Mzee, karibu, kaa," alisema Mwenyekiti.

"Viti navijua. Nimeuliza migongo."

"Imeenda na taka. Lakini usiwe na wasiwasi hata kidogo. Kilichokatwa ni ukingo tu, upana wa kucha. Hauna maandishi. Maudhui yote yamesalimika."

"Maudhui ndiyo nini?"

"Ni yale yaliyomo, Mzee."

"Na yaliyokuwemo kunjoni?"

Mwenyekiti aligeuka kukitafuta kikapu cha taka kwa macho, na Mzee Sponji aliona wazi, kama unavyoona ufa kwenye mbao, kwamba mtu huyu alikuwa amesahau. Hakuwa amepinga. Hakuwa amefanya hila. Angefanya hila, angalau angekuwa amefikiria. Alikuwa amesahau tu, kama mtu anavyosahau mwavuli wa mwenzake.

"Ulinikataza kulifungua," alisema Mzee Sponji. "Ulisema nitalivunja mgongo."

"Kwa mikono, Mzee. Mikono inaharibu. Mashine inakata safi."

Katibu alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani. "Nilimwambia," alisema, akimtazama Mzee Sponji, si Mwenyekiti. "Nilimwambia haya tuyalaze."

"Ungeyalaza mpaka lini?" Mwenyekiti alimgeukia. "Mheshimiwa angoje? Kuna watu wanahifadhi na kuna watu wanabembeleza karatasi."

"Wewe uko kundi gani?" aliuliza Mzee Sponji, akatoka bila kungoja.

Alikwenda mpaka mahali magari ya taka yanapomwaga. Kijana wa mizani, huku akitafuna kijiti, alimwambia karatasi tupu zina mnunuzi, lakini migongo yenye gundi haina, inaziba mashine kiwandani. Inachomwa. Akaonyesha kwa kidevu jivu lililokuwa bado lina joto. Mzee Sponji alilitazama jivu lile. Lilikuwa jivu kama majivu mengine yote. Mkewe hakuwa mtu wa makuu, hata jivu lake halikujitofautisha.

Siku ya uzinduzi hakutaka kwenda. Binti alimpigia shati pasi kwa nguvu, kama anayelipiga.

"Mimi ndiye niliyekuambia uyapeleke, Baba. Usiniache nikae pale peke yangu."

"Unataka nikapige makofi?"

"Nataka ukae pembeni yangu. Ukitaka kununa, nuna."

Hilo aliliweza. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki kwa watu, na mbele kochi moja la ngozi bandia la Mheshimiwa, ambalo Mzee Sponji alilipima kwa jicho akajua limejazwa mabaki ya nguo. Mheshimiwa alilikalia likamtoa pumzi yeye na yeye akalitoa pumzi. Mbele yake meza ndefu, kitambaa cheupe, chupa za maji, kompyuta, maua ya plastiki. Pembeni ya meza, skrini kubwa.

Mwenyekiti aliongea. Alisema kumbukumbu. Alisema kizazi kijacho. Alisema "tumeokoa" mara nyingi, na kila aliposema tumeokoa Mzee Sponji alisikia kacha. Kisha akabonyeza kitu, na kwenye skrini ikatokea ramani ya pango la mwisho, kubwa kama ukuta, na ukumbi wote ukasema "Ooo!"

Mzee Sponji naye moyo ulimruka, asikuambie mtu. Mistari ile aliijua. Kona ile ya chini ndipo alipotumbukia kwenye moto.

"Samahani," alisema mtu mmoja wa nyuma, jitu la mwili, amevaa fulana iliyombana tumbo. "Mbona njia haifiki mlangoni?"

"Maswali mwishoni, tafadhali."

"Hapana, lakini tazama. Njia ya kushoto inaingia katikati, upande wa kulia haitokei. Kuna chumba hapo! Mimi nilikuwa na ramani hii ukutani utoto wangu wote. Funguo ya saba iko hapo katikati!"

"Kweli," alisema mwingine. "Chumba kiko wapi?"

"Hiyo ni athari ya uchakavu wa nakala tuliyopokea," alisema Mwenyekiti bila kumeza mate.

Binti alimshika baba yake mkono. Mkono ulikuwa mgumu kama mguu wa meza.

"Soma chini," alinong'ona Mzee Sponji. "Miwani sina. Kumeandikwa nini chini?"

Binti alimsomea. "Jarida: Kitufe. Mhariri, jina lake. Imehifadhiwa na, jina la Mwenyekiti." Akasita. "Mchoraji: hajulikani."

Mzee Sponji aliinamisha kichwa, kwa sababu kama angekiinua watu wangeona uso wake, na alipoinamisha macho yakaenda yalikozoea kwenda maisha yote, kwenye miguu ya samani. Meza kuu ilikuwa na mguu mfupi. Hilo aliliona mara moja. Na chini ya mguu ule mfupi mtu alikuwa ameshindilia kabari ili meza isiyumbe. Haikuwa mbao. Ilikuwa kitu chembamba kama rula, chenye matabaka, ukingo mmoja mweupe, ukingo mwingine wa rangi rangi ulionata gundi iliyogeuka njano.

Alisimama. Alipita mbele za watu, magoti yakilia, akafika meza kuu, akapiga magoti mbele ya Mheshimiwa. Watu wakadhani ni heshima. Akashika kabari ile akaichomoa.

Meza ikainama. Chupa ya maji ikabingiria, ikamwagikia hotuba ya Mwenyekiti, maua ya plastiki yakaifuata.

"Mzee! Mzee unafanya nini?"

"Nachukua changu."

Ulikuwa mgongo wa jarida, kurasa zote zimeshikana kwa gundi, kila ukurasa umebaki upana wa kucha. Aliupekua kwa ukucha wa kidole gumba, ukucha wa kuvutia uzi, jani baada ya jani, midomo ikisogea kana kwamba anasoma. Katikati akakoma. Akaukunjua mpaka gundi ikalia, akaunyanyua mpaka chini ya pua ya Mheshimiwa.

"Hiki ni nini, Mheshimiwa?"

Mheshimiwa alivaa miwani. "Ni... kama kigoda?"

"Kina miguu mingapi?"

"Mitatu," alisema Mheshimiwa, kisha akatazama pande zote, akihofia kwamba jibu hilo lina madhara kisiasa.

"Kakichora mke wangu. Yeye ndiye aliyechora ramani yote hii. Nilisema kiko kunjoni. Nilisema mbele ya binti yangu. Wakakata kunjo, wakalitia chini ya mguu wa meza."

Jitu la fulana lilikuwa limesogea mbele. "Nionyeshe, Mzee." Lilitazama kwa muda mrefu. "Lo! Nilikuwa nadhani ni doa."

Mwenyekiti alikuwa anafuta hotuba kwa leso. "Ndugu zangu, tusichanganye mambo. Inawezekana kabisa ni alama ya wachapaji. Na hata tukisema alikichora huyo mama, Mungu amrehemu, kigoda si jina. Hatuwezi kuandika kigoda kwenye kumbukumbu za kitaalamu."

"Sikukuambia uandike kigoda. Nilikupa jina lake."

"Kwa mdomo, Mzee! Kwa mdomo! Tunahitaji maandishi."

"Maandishi alikatazwa. Ndiyo maana akachora."

Wachache walicheka, na haikueleweka wanamcheka nani. Katibu alikuja polepole kutoka kwenye kompyuta. Alizivua glavu zake, akanyoosha kiganja. "Nipe, Mzee. Nikakilaze kwenye kioo sasa hivi, tukiweke pembeni ya ramani, watu waone."

"Baada ya shughuli," alisema Mwenyekiti. "Ratiba ina mkanda wa kukata bado."

Wakaukata, mkasi ukang'aa, Mheshimiwa akapigwa picha akiwa ameshika nusu ya mkanda. Kukata, walikuwa wamezoea. Meza iliendelea kuinama mpaka mwisho wa shughuli, na hakuna hata mmoja kati ya wale wahifadhi wote aliyejua la kuufanya mguu mfupi zaidi ya kuutazama.

Katibu alimfuata nje, akamwomba tena. Mzee Sponji alimtazama mwanamke yule, ambaye hakuwa mbaya, na ndiyo tabu ya watu wasio wabaya, huwa wamesimama mlangoni. "Wewe uliahidi kufungua mpaka mwisho," alisema. "Mimi nilikuamini kuliko yule." Mgongo akautia mfuko wa shati, akaufunga kifungo.

Uko kwenye droo yake ya karakana mpaka leo, kati ya sindano kubwa na chaki. Ramani nazo ziko kwenye hifadhi ya chama, zinafunguliwa na watu wa nchi ambazo Mzee Sponji hajui ziko upande gani, zote njia zinaingia katikati na hazitoki. Chini ya kila moja kuna mahali pa msomaji kuandika neno. Binti alimfungulia kwenye simu yake, akamwambia, "Sema, Baba, mimi naandika." Alidhani itakuwa barua ndefu yenye matusi, akajiandaa kuyapunguza.

Mzee Sponji alitoa misumari mdomoni kwanza. Kisha akasema maneno matatu tu.

Yapo hapo mpaka sasa. Watu wengi wameyawekea dole gumba, wengine nyuso za kucheka, mmoja moyo. Mwenyekiti ameandika chini yake: "Asante kwa mchango wako, unathaminiwa." Juu yake bado pameandikwa kwamba mchoraji hajulikani, na chini, kwa herufi alizozisoma Mzee Sponji mwenyewe, kidole mbele, midomo nyuma, kuhakikisha binti hakupunguza kitu:

Hajulikani na nani?